Njia za Ndani na Ujirani wa Nje: Mjadala Juu ya Mtandao wa Mtoa Huduma

Mtu anayempigia ndugu yake simu ya video kutoka Kisauni kwenda Likoni, au anayelipia umeme kwa simu yake huku akingoja feri, hana haja ya kujua pakiti zake zimepita njia gani hata zikafika salama. Dhima hiyo iko juu ya watu wachache ambao, kabla mteja wa kwanza hajaunganishwa, huketi wakaamua kila ruta ijue nini, imweleze nani lile ilijualo, na juu ya nini inyamaze. Uamuzi huo hautangazwi katika mabango ya biashara, walakini ndio unaopambanua mtandao unaostahimili misukosuko na mtandao unaoanguka wote kwa kosa la mtu mmoja, na ndio unaoamua kama maneno ya mtu wa pwani kwa jirani yake yatabaki nyumbani au yatavuka bahari mara mbili, kwa gharama ya fedha za kigeni, kabla ya kumfikia aliye ng'ambo ya pili ya kivuko.

Kwa kuwa jambo hili lina wenye hoja pande zote, na kila upande una haki yake, nimeona ni bora kuliweka katika sura ya mjadala, nikiwapa wasemaji majina ya kazi zao, maadamu hoja hizi si mali ya mtu mmoja bali huweza kusikika katika kila kampuni ya namna hii. Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba kampuni ya kadiri inayouza huduma ya intaneti katika pwani ya Kenya, yenye ruta 20 zilizotawanyika baina ya Malindi, Mombasa, Voi na Nairobi, itafaidika zaidi ikitumia itifaki moja nyepesi kwa njia zake zote na kununua safari zote za nje kwa muuzaji mmoja wa jumla, kuliko kutumia itifaki mbili na kufunga ujirani na mitandao mingine, yaani kubadilishana nayo trafiki moja kwa moja. Mhasibu anaunga mkono, Mhandisi anapinga, Fundi wa zamu ya usiku ameitwa aseme ayaonayo, na mwandishi ameshika kiti cha mwenyekiti.

MHASIBU: Bwana Mwenyekiti, mimi si adui wa elimu, wala sisemi kwamba binti yetu Mhandisi haijui kazi yake, nasema tu kwamba kila kinachoongezwa katika mtandao kitaharibika siku moja, na siku hiyo kitataka mtu wa kukitengeneza, na mtu huyo atataka mshahara. Itifaki ya OSPF inatutosha: kila ruta inazijua njia zote za ndani, anwani za kila mteja zimo humo humo, na mwenye safari ya nje huelekezwa kwa njia moja itokayo Mombasa kwenda kwa muuzaji wetu, ambaye ana wahandisi wengi kuliko sisi na mikataba ya kila upande wa dunia. Muuza duka mwenye magunia matatu ya mchele hanunui jahazi. Hulipa nauli akalala. Tena tusisahau kwamba zama zimebadilika. Kabla ya mwaka 2009 pwani hii ilitegemea setilaiti, na kila megabiti ilihesabiwa kama dhahabu. Lakini tangu mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa mwaka ule, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010, bei ya safari ya nje imekuwa ikishuka, nami sioni kwa nini tujitie taabuni kutafuta nafuu kwa majirani ilhali nafuu yenyewe inatujia.

Na kama ushahidi watakiwa, ninao. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya simu na intaneti ya Rogers ya Kanada ilizimika nchi nzima. Wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma, simu za dharura zikawashinda wengi, na malipo ya kadi madukani yakakwama, yote hayo kwa mabadiliko yaliyofanywa na wahandisi wao wenyewe. Ikiwa wao, pamoja na mali waliyo nayo na wataalamu walio nao, waliangushwa na mambo mengi waliyoyapachika katika mtandao wao, seuze sisi?

MHANDISI: Nakushukuru, mzee wangu, kwa kuitaja Rogers, kwa sababu kisa hicho, kikisomwa mpaka mwisho wake, kinasimama upande wangu. Kilichotokea ni kwamba katika kazi ya kuboresha mtandao waliondoa kichujio kimoja katika ruta ya usambazaji; kichujio hicho ndicho kilichokuwa kikizuia wingi wa habari za njia usimiminike ndani; kilipoondoka, habari hizo zikazifurikia ruta za kiini hata zikalemewa na kuanguka. Hawakuangushwa na kuwa na itifaki mbili. Waliangushwa pale ukuta baina ya habari za aina mbili ulipobomoka. Na wewe, mzee wangu, unapendekeza tujenge nyumba ambayo ukuta huo haumo tangu mwanzo.

Naomba nifafanue, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. OSPF, kama ndugu yake IS-IS, hufanya kazi kwa kuipa kila ruta ramani kamili ya mtandao: kila kiungo, kila ruta, na gharama ya kupita kila mahali. Kisha kila ruta, kwa hesabu aliyoitangaza Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, hujitafutia njia fupi ya kufikia kila pembe. Uzuri wake ni wepesi: kiungo kikikatika, habari huenea, ramani hurekebishwa, na njia mpya hupatikana upesi. Lakini wepesi huo una sharti lake, nalo ni kwamba ramani iwe ndogo na tulivu, maadamu kila badiliko ni lazima lienezwe kwa wote na lizingatiwe na wote. Ukiziingiza humo anwani za wateja, basi modemu ya mteja mmoja wa Malindi inayozimika na kuwaka kwa hitilafu ya umeme itaisumbua ruta ya Nairobi, isiyomhusu wala kumjua, mchana kutwa na usiku kucha. Na siku mtu atakapokosea akaziingiza humo njia za dunia nzima, ambazo leo ni takriban milioni moja, hakutakuwa na ruta itakayobaki imesimama.

Itifaki ya pili, BGP, iliundwa kwa tabia nyingine. Haichori ramani, hupokea habari kwamba fungu fulani la anwani linafikika kwa jirani fulani, hulinganisha habari hizo kwa kanuni tulizoziweka wenyewe, na huchagua. Hubeba njia nyingi mno bila kuchoka, na haina pupa. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: OSPF ibebe anwani za kudumu za ruta zetu 20 pamoja na viungo vinavyoziunganisha, na isibebe jambo jingine lolote; wateja wetu wote, na ulimwengu wote, wabebwe na BGP. Ya kwanza ijibu swali la jinsi ya kumfikia mwenzetu wa ndani. Ya pili ijibu swali la ni mwenzetu yupi anayemjua mtu wa nje.

MWENYEKITI: Mhasibu atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama huo si mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza. BGP ya ndani hutaka kila ruta izungumze na kila nyingine.

MHANDISI: Ndivyo ilivyo kwa asili yake, kwa kuwa ruta iliyopata habari kwa mwenzake wa ndani hairuhusiwi kuipitisha kwa mwenzake mwingine wa ndani, ili habari zisizunguke bila mwisho. Kwa ruta 20 mazungumzo hayo yangekuwa 190, na kila ruta mpya ingetaka kujulishwa kwa zote zilizotangulia, jambo ambalo mwisho wake ni makosa ya uandishi. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1996: tunateua ruta mbili kuwa viakisi, moja Mombasa na moja Nairobi; zile 18 zilizobaki huzungumza na hizo mbili tu, navyo viakisi huzungumza baina yao, ikawa jumla ni mazungumzo 37. Mbili, wala si moja, kwa sababu kiakisi kimoja kikianguka pekee kingetuangusha sote. Na ziwe katika miji miwili, kwa sababu umeme wa mji mmoja hukatika kwa pamoja.

FUNDI WA ZAMU: Bwana Mwenyekiti, nimewasikiliza wakubwa wangu wote wawili, na naomba niseme ya saa nane za usiku, kwa sababu hapo ndipo usanifu wa mchana hupimwa. Dada Mhandisi asema OSPF hutafuta njia fupi. Kweli, lakini fupi kwa hesabu ya nani? Katika ruta nyingi tulizo nazo, gharama ya kiungo huhesabiwa kwa kugawa megabiti 100 kwa uwezo wa kiungo hicho, na kisichofika 1 huandikwa 1. Kipimo hicho kiliwekwa zamani, wakati megabiti 100 zilikuwa ni nyingi. Leo kiungo cha gigabiti 1 hupata gharama 1, na kiungo cha gigabiti 10 hupata gharama 1 vile vile. Basi ikiwa baina ya Mombasa na Voi kuna faiba ya gigabiti 10 na redio ya gigabiti 1, ruta huziona ni sawa kwa sawa, ikagawa trafiki nusu kwa nusu. Redio hujaa, faiba ikabaki na nafasi tele, na mteja wa Voi akapiga simu kulalamika kwamba intaneti ni nzito, ilhali kwenye kioo changu kila taa ni ya kijani. Hakuna kilichoharibika. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika gharama za viungo kwa mkono, kwa kufuata uwezo wake na umbali wake.

La pili ni muda. Katapila ikikata faiba pale Mariakani, taa huzimika papo hapo na ruta hutambua mara moja. Lakini mara nyingi tumekodi njia ya mtu mwingine, na katikati yake mna swichi ya huyo mtu; faiba hukatika upande wa mbali, na swichi iliyo karibu nami huendelea kuwaka kana kwamba mambo ni mema. Hapo ruta hutegemea salamu inazozituma kila sekunde 10, na kwa desturi husubiri sekunde 40 za kimya ndipo iamini kwamba mwenzake hayupo. Sekunde 40, wakubwa wangu, ni simu zote kukatika. Ipo itifaki ya BFD, ambayo kazi yake ni salamu za haraka tu, na hutambua kimya katika muda usiotimia sekunde moja. Iwashwe katika viungo vyote vya kukodi. Haya mawili, gharama na salamu, hayana upande katika ugomvi wenu, kwa kuwa yatatuumiza iwapo tuna itifaki moja au mbili.

MHASIBU: Kijana amesema kweli, na nakubali kwamba anwani za wateja zitolewe katika OSPF ikiwa kazi hiyo haitaki ruta mpya. Walakini njia za ndani ni nusu tu ya hoja. Nusu ya pili ni ujirani, na hapo sijashawishika hata kidogo. Twaambiwa tuongeze uwezo wa njia yetu ya kilomita 480 mpaka Nairobi, tulipie nafasi katika kabati la kituo cha data, tulipie umeme wake, tulipie tundu katika swichi ya kituo cha kubadilishana trafiki, ili tupate nini? Ili wateja wa mshindani wetu wapate huduma nzuri zaidi kwetu. Muuzaji wetu wa jumla anawafikia wote hao tayari. Tena sehemu kubwa ya trafiki ya wateja ni video, na video hizo zimewekwa katika seva za akiba zilizo kwa muuzaji yule yule. Majirani watatupa nini?

MHANDISI: Mzee wangu, umeyataja yote yenye uzito, nami nitayajibu kwa mpango. Kwanza ni umbali. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mteja wetu wa Nyali akiwasiliana na mteja wa mshindani aliye Bamburi, na mitandao yetu ikikutana Nairobi, swali huenda Nairobi na kurudi, na jibu vivyo hivyo. Jumla si chini ya kilomita 1,900, yaani milisekunde 10 hivi. Tukikutana Mombasa penyewe, muda huo hauhesabiki. Lakini ikiwa muuzaji wetu na muuzaji wao hawakutani mpaka Ulaya, basi kila upande wa mazungumzo hayo husafiri zaidi ya kilomita 20,000, kwenda na kurudi, na tayari tumepoteza milisekunde 200 kwa maneno ambayo mtu angeweza kuyapeleka kwa baiskeli. Na safari hiyo tunailipia sisi, kwa dola, kwenda na kurudi.

Pili ni historia, ambayo haifai kusahauliwa na watu wa nchi hii. Katika zama za setilaiti, barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, ikiwa zina watoa huduma tofauti, ilipaa kilomita 36,000 angani, ikashuka bara jingine, ikapaa tena, ikarudi. Watoa huduma wakaona hasara hiyo, na kwa chama chao cha TESPOK wakafungua kituo cha kubadilishana trafiki cha KIXP Nairobi mwezi Novemba 2000. Hakikudumu. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na kituo kikaamriwa kifungwe. Watetezi wake ikawabidi waeleze, mwaka mzima na zaidi, kwamba swichi inayokutanisha trafiki ya ndani ya nchi haimnyang'anyi mtu biashara ya nje ya nchi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mwaka 2012, uchunguzi uliochapishwa na shirika la Internet Society ulionyesha kwamba kituo hicho hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde katika kilele chake; uchunguzi wao wa mwaka 2020 ukaonyesha gigabiti 19, na kwamba sehemu ya trafiki inayopatikana ndani ya nchi ilikuwa imepanda kutoka takriban asilimia 30 hadi 70. Hizo seva za akiba ulizozitaja, mzee wangu, zilikuja kwa sababu palikuwa na mahali pa kuwakuta watu wengi kwa pamoja. Ujirani ndio uliozivuta. Na anayenunua kwa muuzaji mmoja anaila faida hiyo kwa mkono wa mtu wa kati, aliyekwisha kuiongezea bei.

MHASIBU: Na mshindani?

MHANDISI: Mshindani hapati kwetu isipokuwa kile tulichomtangazia. Ujirani si kumpa njia ya dunia. Ni kumtangazia anwani zetu na za wateja wetu, naye atutangazie zake na za wateja wake, basi. Kanuni zenyewe si nyingi. Njia iliyotangazwa na mteja wetu hupewa daraja la kwanza, kwa sababu mteja hutulipa. Iliyotangazwa na jirani hupewa la pili, kwa sababu haitugharimu kwa kila megabiti. Iliyotangazwa na muuzaji hupewa la tatu, kwa sababu twailipia. Tunapotangaza, mteja huambiwa yote. Jirani na muuzaji huambiwa habari zetu na za wateja wetu peke yake. Tulichosikia kwa jirani hatumwambii muuzaji, wala tulichosikia kwa muuzaji hatumwambii jirani. Tukikosea hapo, tutageuka kuwa daraja la bure baina ya wakubwa wawili, na daraja lenyewe ni jembamba.

MWENYEKITI: Hapo umegusa lililo zito. Kanuni hizo hukaa katika mikono ya watu, na mikono ya watu hukosea.

MHANDISI: Hukosea, na hasara yake huenda mbali. Misingi ya BGP waliiandika Yakov Rekhter na Kirk Lougheed mwaka 1989, wakati mitandao iliyokuwa ikipeana habari ilikuwa michache na ya watu wanaojuana. Ikazaliwa na tabia ya kumsadiki kila asemaye. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom, katika juhudi za kuifunga YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza kwamba anwani 256 za YouTube zinafikika kwake. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza fungu pana la anwani 1,024, ambamo hizo 256 zimo. Na kanuni ya kila ruta ulimwenguni ni kufuata tangazo lililo mahsusi zaidi. Mtandao mkubwa uliokuwa juu ya Pakistan Telecom ukapokea uwongo huo bila kuuchuja, ukaueneza, na kwa muda wa kama saa mbili sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube. Kwa hiyo nasema: kwa kila mteja kuwe na orodha ya mafungu anayoruhusiwa kuyatangaza, na lisilo katika orodha lisipokewe; kwa kila jirani kuwe na kikomo cha idadi ya njia, akikipita mazungumzo yafungwe yenyewe; na anwani zetu tuzisajili kwa saini za RPKI, zinazothibitisha nani ana haki ya kuzitangaza, kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, ili mwenye kupenda kuhakikisha aweze kuhakikisha, na sisi tuwakatae wale ambao saini zao zinawakanusha.

MHASIBU: Nimeyasikia. Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na nchi zetu zikalemewa, ujirani wa Nairobi uliwasaidia nini wale waliokuwa wakitafuta ulimwengu?

MHANDISI: Kuufikia ulimwengu haukuwasaidia, na mwenye kudai kwamba ujirani huondoa haja ya kununua njia ya nje anadanganya. Lakini siku kama hiyo ina maswali mawili, si moja. La kwanza: je, mtu wa Mombasa aliweza kuifikia benki yake ya Mombasa? Mtandao uliokutana na wenzake ndani ya nchi humjibu ndiyo, maadamu na majina ya tovuti nayo yanajibiwa na seva zilizo karibu. La pili: je, muuzaji wako hupita mkongo upi? Hapo ndipo muuzaji mmoja anapotuhatarisha, na ndipo hata wauzaji wawili wanapoweza kuwa mmoja, ikiwa wote wamekodi katika mkongo ule ule. Ninapendekeza muuzaji wa pili, na swali la kwanza katika mkataba wake lisiwe bei bali liwe ni mkongo gani, unatua wapi, na unaelekea kaskazini au kusini.

FUNDI WA ZAMU: Nami niongeze moja ambalo wakubwa wamelipita. Katika kisa cha Rogers, njia ya mafundi ya kuzifikia ruta ilitegemea kiini kile kile kilichoanguka. Kwa hiyo waliokuwa na dawa hawakuweza kumfikia mgonjwa. Facebook nayo, tarehe 4 Oktoba 2021, ilijikata duniani kwa amri moja ya matengenezo, na kwa kuwa zana zao za ndani zilipita mtandao huo huo, watu ikawabidi wende kwa miguu mpaka penye mitambo. Saa sita hivi zikapita. Mimi naomba katika kila kituo chetu kiwepo kifaa kidogo chenye laini ya simu ya kampuni nyingine, kilichounganishwa na mlango wa konsoli wa ruta, kisichotegemea OSPF yetu, wala BGP yetu, wala faiba yetu. Bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya gari la kwenda Malindi na kurudi mara chache. Na kabla ya kila badiliko kubwa, ruta iagizwe irudi katika hali yake ya kwanza baada ya dakika 10 ikiwa hakuna aliyethibitisha.

MHASIBU: Basi nitasema neno langu la mwisho, na sitaliondoa. Mhandisi huunda, akasifiwa, akapata kazi Dubai. Anayebaki na vichujio vyake ni huyu kijana. Mimi sikatai tena itifaki ya pili, wala sikatai majirani. Nakataa usanifu unaoeleweka na mtu mmoja. Kila kanuni iandikwe kwa lugha ambayo fundi wa zamu anaweza kuisoma saa nane za usiku, na fedha za mafunzo zitengwe kabla ya fedha za ruta.

MHANDISI: Kwa hilo, mzee wangu, mimi ni shahidi wako. AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, imekuwa ikiwafundisha Waafrika kazi hii hii tangu mwaka 2000. Kilichobaki ni kampuni kuwaruhusu mafundi wao wende.

UAMUZI WA MWENYEKITI. Baada ya kuzisikiliza sauti zote tatu, nahukumu kwamba hoja haikusimama, na sababu yake si kwamba wepesi ni jambo baya, bali kwamba mwenye hoja aliutafuta wepesi mahali pasipo pake. Kuzirundika habari zote katika itifaki moja hupunguza idadi ya vitu vya kujifunza, lakini huzidisha idadi ya mambo yanayoweza kuangushwa na tukio moja. Na mtandao hupimwa kwa hili la pili. Habari za ndani zikae ndani, zikiwa chache na tulivu. Habari za nje zikae katika itifaki iliyoumbwa kuzistahimili. Na baina ya hizo mbili pawe na kichujio ambacho hapana mtu mmoja awezaye kukiondoa peke yake.

Kuhusu ujirani, hesabu ya Mhasibu ilikuwa sahihi katika gharama na pungufu katika mapato, kwa sababu aliuhesabu kama bidhaa inayonunuliwa na kampuni moja, ilhali faida yake hukua kwa kila anayejiunga. Kituo chenye wanachama wawili hakina thamani kubwa. Chenye wengi huzivuta seva, huzivuta benki, huwavuta watunzi wa programu, mpaka ikawa ni nafuu zaidi kuuweka mzigo nyumbani kuliko kuupeleka ng'ambo. Kila mtoa huduma wa pwani anayebaki nje kwa kusubiri wenziwe watangulie huwaongezea wote muda wa kusubiri, na yeye mwenyewe akiwemo.

Na kwa kuwa fedha hazitoshi kwa yote kwa mara moja, mpangilio wa kazi uwe huu. Kwanza gharama za viungo ziandikwe kwa mkono, BFD iwashwe, na anwani za wateja zitolewe katika OSPF, kazi ambayo haidai ruta mpya. Pili, kila kituo kipate njia ya fundi isiyotegemea mtandao wenyewe. Tatu, orodha za vichujio na saini za RPKI zikamilike kabla ya jirani yeyote kuunganishwa, maana anayefungua milango kabla ya kuweka walinzi huwadhuru na wenziwe. Nne, ujirani uanze palipo karibu, Mombasa kwa walioko Mombasa, kisha Nairobi. Tano, anunuliwe muuzaji wa pili, aliye juu ya mkongo mwingine. Na sharti la Mhasibu liandikwe juu ya hayo yote: hakuna kitakachoingizwa katika mtandao mpaka wawepo watu wawili, mmoja wao akiwa fundi wa zamu, wanaoweza kukieleza na kukirudisha kilipokuwa. Kampuni inayouza intaneti imeaminiwa maneno na fedha za watu ili izifikishe. Atakayeitimiza amana hiyo ni yule anayeijua kila njia iliyo yake, na anayewatambua majirani zake kabla ya siku ya kuwahitaji.